Alitawala India, Kusema Ukweli Kukamshinda

Kuna wanaume ukiwapa nchi wataiongoza, lakini waambie wamweleze mwanamke ukweli ana kwa ana, utawaona wanatafuta mlango wa nyuma. Dada zangu, mnawajua. Mwezi huu nimemsoma mmoja wao, Lord Curzon wa Uingereza, na mpaka sasa nina hasira naye.

George Nathaniel Curzon alizaliwa 1859 kwenye jumba la ukoo wao, Kedleston, huko Derbyshire. Akili alikuwa nazo, na majivuno pia. Kuanzia 1899 hadi 1905 aliitawala India kwa niaba ya ufalme wa Uingereza. Mkewe, Mary Leiter, binti wa tajiri wa Chicago, alivumilia uchumba wa siri wa miaka miwili huku mwenzake akizunguka milima ya Pamir na Afghanistan. Wakaoana 1895, wakapata mabinti watatu. Mary alifariki Julai 1906, ana miaka 36 tu. Curzon akamjengea kanisa la kumbukumbu Kedleston, lenye sanamu ya marumaru ya mkewe amelala. Hapo sina la kumsema.

Halafu akaja Elinor Glyn, mwandishi wa riwaya ambaye kitabu chake cha mapenzi cha 1907, Three Weeks, kiliitikisa Uingereza. Alikuwa mke wa mtu, mume mwenyewe mgonjwa na mwenye madeni. Uhusiano ulianza 1908 ukadumu miaka minane. Mume akafariki 1915. Mwaka huohuo Curzon alikodi jumba la Montacute, Somerset, na Elinor ndiye aliyekuwa analipamba: rangi, mapazia, kila kitu. Jamani, mwanamke anapamba nyumba unadhani anawaza nini?

Desemba 1916 Curzon aliingia kwenye baraza la vita la Lloyd George, akawa bize London. Elinor yuko Montacute. Siku hiyo anafungua gazeti la The Times, anakuta eti Lord Curzon anamuoa Grace Duggan, mjane tajiri wa Kimarekani. Kaachwa kwenye mataa, na taarifa kaipata gazetini kama msomaji mwingine yeyote! Alichoma barua karibu 500 alizoandikiwa na Curzon, na hakuzungumza naye tena.

Sababu mnaweza kuikisia: Curzon alitaka mtoto wa kiume, na Elinor alishapita miaka 50. Hamu ya mrithi naielewa. Kinachonishinda ni ukimya. Na huyo mtoto wa kiume hakupatikana.

Mei 1923 Waziri Mkuu Bonar Law alijiuzulu kwa ugonjwa. Curzon, Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa Montacute, nyumba ileile, isiyo na hata simu. Telegramu ya katibu wa Mfalme ikamwita London. Njiani kwenye treni yeye na Grace wanapanga maisha yao mapya ya uwaziri mkuu. Kufika, katibu anamwambia Mfalme amemchagua Stanley Baldwin. Curzon alilia.

Alifariki Machi 1925 akazikwa Kedleston, na sanamu yake imelazwa kando ya ile ya Mary. Elinor alikuwa ameshaenda Hollywood tangu 1920, anaandika filamu na kulipwa vizuri.