Barua ya Uhamisho ni Amana

Karatasi ya barua ya uhamisho ni nyepesi, lakini uzito wake huwaelemea wengi. Mchungaji akihamishwa, huhama na mkewe na watoto, na nyuma yake hubaki usharika ukimngoja mwingine. Muuguzi akihamishwa bila kuletwa wa kushika nafasi yake, zahanati hubaki na mtu mmoja wa zamu, mchana na usiku. Kwa hiyo namna Kanisa linavyowapangia kazi watumishi wake si jambo la waumini peke yao. Katika eneo la Mlima Meru, ambako Walutheri wameendesha shule na tiba kwa zaidi ya miaka mia moja, jambo hilo lamgusa kila mwananchi, kwani ugonjwa haumwulizi mtu dini yake.

Kazi hiyo ilianza kwa damu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na adhabu ya majeshi ya Kijerumani iliyofuata ikawaangukia wenyeji kwa ukali mkubwa. Kituo cha Nkoaranga kikafunguliwa mwaka 1902, na cha Ilboru mwaka 1904. Zama zile mpangaji mkuu alikaa Ulaya, ng'ambo ya bahari. Vijijini, mtumishi aliyejulikana zaidi alikuwa mwalimu, na neno hilo lilibeba kazi mbili: siku za juma alifundisha watoto kusoma, na Jumapili alihubiri. Mkono uliomtuma kwa kazi ya kwanza ndio uliomtuma kwa kazi ya pili. Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu hao wa Kiafrika ndio walioshika kazi isianguke.

Leo mkono ule mmoja umegawanyika, na asiyeujua mgawanyiko huo atamlaumu asiyestahili lawama. Yafaa basi tuwatazame watumishi hao, aina moja baada ya nyingine.

Wa kwanza ni mchungaji. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuyaunganisha makanisa saba, na makao yake makuu yako Arusha. Katika Kanisa hilo usharika haumwajiri mchungaji wake. Yeye ni mtumishi wa dayosisi. Mwinjilisti huongoza mtaa, mchungaji huongoza usharika, mkuu wa jimbo husimamia sharika kadhaa, na juu yao yuko askofu pamoja na Halmashauri Kuu ya dayosisi, ambako hutoka maamuzi ya nani aende wapi. Utaratibu huu una hekima yake. Kama kila usharika ungejichagulia, zile zenye uwezo mjini Arusha zingewatwaa wote wenye vipawa, na wananchi wa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa mlima ambako mvua ni haba, wangebakiwa na masalio.

Lakini hekima hiyo ina deni. Dayosisi huendeshwa kwa sehemu ya sadaka zinazotoka sharikani, na sadaka hizo si noti peke yake. Ni mkungu wa ndizi, mayai, kuku na maziwa, vinavyonadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mama aliyeubeba mkungu ule kichwani akapanda nao kilima anayo haki ya kuelezwa kwa nini mchungaji wake anaondoka.

Wa pili ni mwalimu. Yeye alianza kutoka katika mkono wa Kanisa mwaka 1962, walimu wa misheni na wa Serikali walipowekwa katika utumishi mmoja. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini chini ya umma. Tangu hapo mwalimu wa shule ya msingi ya umma hupangiwa kituo na Serikali, hata kama shule ile ilijengwa kwa matofali ya waumini. Kanisa limebaki na shule zake lenyewe, kama ile ya sekondari ya wasichana wa Kimaasai iliyofunguliwa Monduli mwaka 1995. Mwalimu wa shule ya namna hii hufanya kazi kwa mkataba, naye analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mchungaji huitii barua ya uhamisho kwa sababu ya wito na kiapo chake; mwalimu wa mkataba ana haki ya kuuliza mkataba wasemaje. Mkuu anayeyachanganya mambo haya mawili, akamdai mwalimu utii wa mchungaji, hawatendei haki wote wawili.

Wa tatu ni mtumishi wa hospitali, na huyu ndiye mwenye mabwana wawili. Nkoaranga kuna hospitali ya Kanisa. Karibu na Ngaramtoni iko Selian. Na mjini Arusha kulifunguliwa kituo kikubwa cha tiba cha Kilutheri mwaka 2008. Mwaka 1992 Serikali na makanisa yalitia sahihi hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii. Kwa taratibu za ushirikiano wa namna hii, hospitali ya Kanisa huweza kuwa na watumishi wanaolipwa na Hazina na wengine wanaolipwa na hospitali yenyewe, wote katika wodi moja. Serikali ilipoanza tena kuajiri kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, baada ya ajira kusimamishwa katika miaka ya 1990, wauguzi na matabibu wengi nchini waliziacha hospitali za makanisa wakafuata mshahara na pensheni. Hatuwalaumu. Mtu hapangiwi njaa.

Hati ile ya 1992 imejadiliwa sana, na wako Waislamu walioilalamikia kwamba inaupendelea upande mmoja. Malalamiko hayo yastahili kujibiwa kwa vitendo: kila shilingi ya umma inayolipa mshahara ndani ya hospitali ya Kanisa iwe na hesabu iliyo wazi, na kitanda chake kiwe cha kila mgonjwa.

Je, mambo haya yana uzito gani hata yashughulishe gazeti? Wameru hawahitaji kufundishwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wakae walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaifikisha kesi yao Umoja wa Mataifa, New York. Miaka arobaini baadaye, kati ya 1990 na 1993, kilio cha kutosikilizwa kilizuka ndani ya Kanisa lenyewe. Waumini wengi wa Meru walidai dayosisi yao, wakinung'unika kwamba maamuzi yanatoka Moshi, makao ya Dayosisi ya Kaskazini. Ugomvi ukaleta ghasia na ukawatenga hata ndugu wa mji mmoja. Dayosisi ya Meru ilizaliwa katika msukosuko huo, lakini wengine walikuwa wamekwisha kujitenga na kuanzisha kanisa lao. Wala mambo hayo si ya Meru tu. Mwezi Januari 2023, huko Dar es Salaam, waumini wa Usharika wa Kijitonyama walipinga hadharani mchungaji wao kupewa likizo ya siku 60.

Rai yetu si kwamba kila usharika uachiwe kujichagulia, la hasha. Mamlaka ya kupanga yabaki kwa wakuu, ila yashikwe kama amana. Kwanza, barua ya uhamisho itaje sababu, na wanaoachwa waelezwe na mkuu mwenyewe, wasiisikie habari hiyo sokoni. Pili, uhamisho ufuate kalenda ya shule, ili mtoto asitolewe darasani katikati ya muhula. Tatu, anayepelekwa penye shida akute nyumba na maji, na aambiwe atakaa miaka mingapi. Nne, na hili ndilo kubwa, kituo cha mbali kisigeuzwe gereza la watumishi waliowaudhi wakubwa. Mkorofi akitupwa kijijini kuwa adhabu yake, wanaoadhibiwa ni wanakijiji, kwa kosa wasilolitenda.

Wala maradhi haya si ya Kanisa peke yake. Sisi wa Chama na Serikali tunayajua vizuri, maana nasi tunao vituo vinavyotajwa kwa vitisho maofisini. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Ngarenanyuki hataponywa na mtumishi aliyeletwa kwa hasira. Apelekewe aliye bora, naye atunzwe ili akae.