Mzee Ojwang': Ulimi wa Kuazima

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Waulize wenzako hapa shuleni, "Mzee Ojwang' wa Vitimbi alikuwa wa kabila gani?" Wengi watakujibu bila kusita, "Mjaluo, bila shaka!" Kumbe sivyo. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Katika makala haya nitaeleza jinsi alivyoweza kutuaminisha sote, na funzo tunalopata sisi wapenzi wa Kiswahili.

Wanjau alipata umaarufu kuanzia miaka ya 1980 katika kipindi cha Vitimbi cha shirika la utangazaji la taifa, lile lililoitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989 lilipogeuka KBC. Kabla ya KTN kuanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni. Kipindi kikivuma, basi kilivuma kila mahali! Alijiita Ojwang' Hatari. Mkewe katika kipindi alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Walizozana vizuri hivi kwamba watazamaji wengi waliamini ni mke na mume wa kweli, kumbe jamani, ilikuwa kazi tu.

Sasa tuje kwenye lafudhi. Kila lugha ina sauti zake. Kijaluo hakina sauti sh, z wala v. Kwa hivyo Mjaluo anapozungumza Kiswahili, ulimi wake huelekea kwenye sauti iliyo karibu: shilingi huwa silingi, mzee huwa msee na vitu huwa fitu. Mkikuyu naye ana shida nyingine kabisa. Yeye huchanganya l na r, lala ikawa rara. Hii ndiyo walimu wetu huita athari ya lugha ya mama.

Hebu fikirieni kazi aliyokuwa nayo Wanjau. Ilimbidi auzuie ulimi wa kwao, aazime ulimi wa watu wengine, kisha agombane na Mama Kayai kwa ulimi huo huo bila kuteleza. Kuiga kwa dakika mbili jukwaani si kitu. Kuiga miaka nenda miaka rudi si mchezo!

Wapo wanaodai kwamba kuiga huko kulikuwa kuwadharau Wajaluo. Mimi sikubaliani nao. Ojwang' alituchekesha kwa vituko vyake, visingizio vyake na ukaidi wake wa mume anayetaka kuonekana mkubwa nyumbani. Ukiyaondoa hayo ukabakiza lafudhi peke yake, kichekesho kinakwisha. Tena watu wa makabila yote walimwelewa, maana Kiswahili chake kilikuwa na maneno ya kusema.

Hapa kwetu mambo ni kinyume. Mwanafunzi akisema "sule" darasani, kicheko kinazuka, na siku hiyo ndiyo ya mwisho kumwona akiinua mkono. Ati anaambiwa amegeuka Ojwang'! Laiti wanaomcheka wangejua kwamba kuna msanii aliyetia bidii kuipata lafudhi hiyo wanayoidharau. Matamshi bora tujifunze, naam, lakini mtu hanyamazishwi ili afunzwe kusema.

Mcheza kwao hutunzwa. Uzeeni macho ya Mzee Ojwang' yalipofifia, Wakenya walichanga pesa ili atibiwe. Lilikuwa jambo la shukrani, ingawa ni aibu kwamba msanii aliyechekesha taifa zima ilibidi angoje mchango. Alifariki tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Mola ailaze roho yake mahali pema.

Nanyi wenzangu, mkimsikia mtu akitamka "sule", sikilizeni kwanza anasema nini kuhusu hiyo shule.