Wenye Punda wa Kibondo na Kasulu: Faida ya Kujuana

Katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, punda si mnyama wa kuonekana katika kila kaya. Kijiji kimoja chaweza kuwa na wafugaji wawili au watatu, na kijiji jirani kisiwe na hata mmoja. Kutawanyika huko humwacha kila mwenye punda peke yake na shida yake. Mnyama akiugua, hakuna jirani wa kuulizwa. Jike akihitaji kupandwa, haijulikani dume aliko. Na punda akiibwa, hakuna awezaye kumtambua katika mnada wa mbali. Makala hii inaeleza kwa nini wenye punda wa kata mbalimbali wanapaswa kufahamiana, na huduma za serikali za mitaa zinazoweza kuwasaidia.

Kwa nini punda, wala si farasi

Farasi na punda ni wanyama wa jamii moja, lakini historia yao katika Mkoa wa Kigoma ni tofauti. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone, akiwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa kwa maradhi kabla msafara haujafika mbali na pwani. Baadhi ya punda walisonga mbele hadi bara. Mmoja wao, aliyeitwa Simba, alifika mpaka Mto Malagarasi, akakamatwa na mamba wakati wa kuvushwa, siku chache tu kabla ya Stanley kukutana na Livingstone.

Hadi leo farasi wa Tanzania ni wachache, na wengi wao hupatikana katika Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi na katika baadhi ya mashamba ya Arusha na Kilimanjaro. Sababu mbili za kitaalamu hueleza kwa nini ni vigumu kuwafuga katika maeneo mengi ya nchi. Ya kwanza ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri. Ugonjwa huo huua farasi wengi wanaoupata, ilhali punda wa Afrika mara nyingi huambukizwa bila hata kuonyesha dalili. Ya pili ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo. Punda naye hupata nagana, lakini kwa kawaida huivumilia kuliko farasi.

Kuvumilia, hata hivyo, si kupona. Punda mwenye nagana hukonda polepole huku akiendelea kubeba mizigo, na mwenye mnyama huweza kudhani kuwa ni uchovu au uzee. Msemo wa “punda afe, mzigo ufike” hutamkwa kwa wepesi, lakini punda akifa, mzigo hurudi kichwani kwa mama na watoto.

Nagana haimalizwi na mfugaji mmoja

Mwaka 1895, daktari David Bruce alibainisha huko Zululand, Afrika Kusini, vijidudu vya damu vinavyosababisha nagana. Vijidudu vya jamii hiyohiyo husababisha malale kwa binadamu, ugonjwa ambao wazee wa Kibondo na Kasulu wanaufahamu vyema, kwa kuwa wilaya hizi zimekuwa miongoni mwa maeneo yake nchini. Mbung'o hustawi katika misitu ya miombo, hasa kwenye mabonde yanayoteremka kuelekea Malagarasi na Moyowosi, mahali ambapo mifugo hupelekwa malishoni na punda hupita wakifuata maji na kuni.

Dalili za kuangalia kwa punda ni homa inayokuja na kuondoka, kukonda ingawa anakula, ufizi na utando wa ndani ya kope kuwa mweupe kwa upungufu wa damu, kuvimba miguu au chini ya tumbo, na jike kuharibu mimba. Anayeziona amwite Afisa Mifugo ili damu ipimwe. Punda na farasi huvumilia baadhi ya dawa za nagana kwa shida kuliko ng'ombe. Kwa hiyo kukisia kipimo kwa kufuata kile cha ng'ombe kunaweza kumuua mnyama aliyekusudiwa kuponywa.

Kinga ndiyo inayohitaji watu wengi. Mbung'o jike hazai mayai mamia kama nzi wa nyumbani. Huzaa buu mmoja mmoja, takriban kila baada ya siku tisa au kumi. Kwa sababu hiyo, wakiuawa kwa mfululizo katika eneo pana, idadi yao hushuka haraka. Hutumika mitego na vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vilivyotiwa dawa, pamoja na kuogesha au kupulizia mifugo. Lakini mfugaji mmoja akipulizia punda wake ilhali mifugo ya majirani haijapuliziwa, mbung'o wa msituni hurejea baada ya muda mfupi.

Mfano wa kazi ya pamoja upo Unguja. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o walitokomezwa kisiwani humo baada ya idadi yao kupunguzwa kwa dawa, kisha madume waliohasiwa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga, kuachiliwa kwa wingi kutoka angani. Unguja ni kisiwa na Kigoma si kisiwa. Mbung'o wa Moyowosi hawana bahari ya kuwazuia. Hata hivyo, kanuni ni ileile: eneo zima hushughulikiwa kwa pamoja, wala si boma moja.

Yanayopatikana kwa kufahamiana

Faida ya kwanza ni uzazi. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi kumi na miwili na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Kundi likipungua, hurejea taratibu sana. Aidha, palipo na dume mmoja tu kwa miaka mingi, ndugu hupandana na kizazi hudhoofika. Wafugaji wanaojuana huweza kuazimana madume kati ya kijiji na kijiji.

Faida ya pili ni ujuzi wa lijamu na mkokoteni. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo, lakini punda huvuta kwa kifua. Nira ya ng'ombe ikifungwa kwa punda humchubua, na jeraha lenye uchafu ni mlango wa pepopunda. Jina la ugonjwa huo halikuja bure: wanyama wa jamii ya punda huupata kwa urahisi kuliko mifugo mingine mingi. Mkanda mpana wa kifua, ulioshonwa kwa turubai au mpira laini, humwondolea mnyama adha hiyo, na fundi mmoja anayejua kuushona anaweza kuhudumia kata nzima iwapo watu wanamfahamu. Kuhusu mizigo ya mgongoni, ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kutozidi theluthi ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 150 hapaswi kupita kilo 50, yaani madumu mawili ya maji ya lita 20.

Faida ya tatu ni ulinzi. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya asili nchini China, ilichochea uchinjaji na wizi wa punda katika nchi nyingi za Afrika. Tanzania ilisitisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafiki kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Katazo hilo litawalinda wanyama iwapo wenye punda wanafahamu alama za mifugo ya wenzao na wanatoa taarifa mapema mnyama anapopotea.

Faida ya nne humhusu punda mwenyewe. Punda ni mnyama wa kuishi na wenzake. Hushikamana na mwenzi mmoja kwa miaka mingi, na akitengwa huweza kukosa hamu ya kula. Mwenye punda mmoja anapokubaliana na jirani walishe pamoja, huduma hiyo humfaa mnyama kama chakula.

Kisiwani Lamu, nchini Kenya, ambako punda ndio usafiri wa vichochoroni, kufahamiana huku kumezoeleka. Wakati wa sherehe za Maulidi hufanyika mashindano ya mbio za punda, na tangu mwaka 1987 ipo zahanati ya punda inayotoa matibabu bila malipo. Mbio huwakutanisha wamiliki, na wanapokutana huulizana habari za dawa, kwato na madume.

Hatua za kuchukua katika kata

Hatua ya kwanza ni kujiorodhesha. Mwenye punda afike kwa Mtendaji wa Kijiji au Afisa Mifugo wa kata, ahakikishe kuwa mnyama wake ameingizwa katika kumbukumbu za mifugo, kwa mujibu wa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010. Orodha hiyo ndiyo inayomwezesha Afisa Mifugo kuwakutanisha wafugaji waliotawanyika na kupanga siku moja ya kupima damu, kutoa dawa za minyoo na kukata kwato, badala ya kumfuata kila mmoja.

Ya pili ni kuomba suala la mbung'o na punda liwekwe katika ajenda za mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo wenye punda hukutana pia na wenye ng'ombe na mbuzi, ambao tatizo lao la nagana ni hilohilo.

Ya tatu ni kuunda kikundi na kukisajili kupitia maafisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinachotimiza masharti kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkokoteni au vifaa vya kupulizia mifugo ni mahitaji yanayoweza kujengewa hoja katika maombi hayo.

Ya nne huwahusu wanunuzi. Asinunuliwe punda asiyejulikana alikotoka, wala asisafirishwe bila kibali cha Afisa Mifugo. Atumikishaye mnyama mwenye vidonda au ampigaye kikatili akumbuke kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhusu punda sawa na mifugo mingine.

Mwananchi anayefahamu jirani mwenye punda amjulishe habari hizi, na wote wawili wafike pamoja kwa Afisa Mifugo wa kata yao.