Trekta kuukuu lianze kwa kalamu, spana ifuate

WAKULIMA wengi wa Kingolwira na maeneo mengine ya Morogoro wanaujua mwezi wa Februari kwa karaha yake. Mvua za masika zinakaribia, kila mtu anatafuta trekta la kukodi, na mwenye trekta huanza na anayelipa kwanza. Mkulima wa eka nne au tano hufikiwa wakati mahindi ya jirani yameshaota. Ndiyo maana wengine wameanza kufikiria njia ya tatu: kununua trekta bovu na kulifufua.

Wazo hilo si baya. Hata hivyo, matrekta mengi yanayofumuliwa huishia chini ya mwembe yakiwa vipande vipande, na akiba ya familia ikiwa imelala humo. Mara nyingi kinachoyakwamisha ni fedha kwisha katikati ya kazi.

Chagua lenye spea

Kwa anayeanza, Massey Ferguson 135 bado ni mwalimu mzuri. Lilianza kuuzwa mwaka 1964, lina nguvu za farasi zipatazo 45, na injini yake ya Perkins ya silinda tatu ni ya ukoo mmoja na ile ya MF 240, ambalo limeendelea kuundwa Pakistan. Kwa hiyo pistoni, ringi na beringi hupatikana, na mafundi wengi wanaijua. Trekta la bei poa ambalo spea zake hazipo madukani ni chuma chakavu chenye matairi.

Kabla ya kulipa, nenda na fundi asiyelipwa na muuzaji. Liwashwe injini ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu una maana oili inaungua. Oili inayofanana na chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Nyanyua plau kwa haidroliki, subiri dakika kumi uone kama linashuka. Liendeshwe kwa kila gia, maana gia inayochomoka yenyewe ina gharama. Mwisho, kadi ya usajili iwe na jina la muuzaji, na namba zilizogongwa kwenye chuma zilingane na za kwenye kadi.

Hesabu iseme ukweli

Tuchukue mfano, nawe uweke bei zako. Trekta bovu shilingi milioni 5, matengenezo milioni 6, plau milioni 2, na akiba ya dharura milioni 2. Jumla milioni 15. Akiba hiyo usiiguse mapema, kwa sababu ubovu mwingine huonekana baada ya injini kufunguliwa.

Ukilimia wenzako kwa shilingi 60,000 kwa eka, na dizeli, dereva, grisi na fungu la spea vikala 35,000, unabaki na 25,000. Ili kurudisha milioni 15 unahitaji kulima eka 600. Kwa eka tano kwa siku, siku 30 za kazi katika msimu, ni eka 150. Yaani misimu minne. Eka zako mwenyewe hazikuletei fedha taslimu, lakini zinakuokolea kodi ya trekta na kukuwahisha kupanda. Nazo zihesabu.

Aidha, usinunue plau kubwa kwa tamaa. Kwenye udongo mzito, plau la sahani mbili linaitosha MF 135. Sahani tatu zitakula dizeli na kuichosha injini uliyoitengeneza jana.

Namna ya kuanza

Anza mwezi Juni, masika yakiwa yamepita, ili ifikapo Novemba trekta liwe linatembea na Desemba lijaribiwe. Osha trekta lote kwanza. Piga picha kila sehemu kabla ya kuifungua, na kila kundi la nati liwe na kopo lake lenye jina.

Usifumue kila kitu kwa siku moja. Fungua injini, pima, ndipo ununue. Krenki ipelekwe kwanza kwa fundi wa kukereza vyuma. Ikisagwa, beringi zitakuwa za saizi nyingine, na ulizonunua mapema zitakuwa hasara. Kumbuka pia kwamba ili kubadili klachi ya MF 135, trekta hukatwa katikati, injini ikaachana na gia boksi. Kama klachi imekwisha, ibadilishwe wakati huohuo injini ikiwa mikononi mwa fundi, usije ukalipa ufundi mara mbili. Trekta lililokatwa lisimame juu ya stendi imara. Jeki peke yake imewahi kuua watu.

Baada ya injini na klachi, fuata breki, usukani na haidroliki, kisha umeme. Rangi iwe ya mwisho. Anayeanza na rangi hupata trekta la kupiga nalo picha.

Morogoro ina bahati ya kuwa na msaada karibu: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chuo cha VETA Kihonda, na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Kumwomba mtaalamu akukague mahesabu na injini ni nafuu kuliko kununua silinda hedi ya pili.

Na kama hesabu zako zinaonyesha hutapata hata eka 80 za kulimia wengine kwa msimu, usinunue peke yako. Unganeni wakulima watatu au wanne, muandike makubaliano ya nani analimiwa kwanza, nani anatunza fedha za spea na nani anashika ufunguo. Mkishindwa kukubaliana hayo kwenye karatasi, endeleeni kukodi, ila lipeni mapema, Desemba, kabla foleni ya Februari haijaanza.