Misuli hukumbuka, kano hazitaki haraka

Mtu asiyefanya mazoezi huanza kupoteza misuli akiwa bado katika miaka ya thelathini, takribani asilimia 3 hadi 8 kila baada ya miaka 10. Nguvu hupungua kwa kasi zaidi kuliko misuli yenyewe. Ndiyo maana mtu wa miaka 50 anaweza kuwa na uzito uleule wa ujanani, lakini ndoo ya maji ikamlemea.

Aliyewahi kunyanyua vyuma akaacha ana akiba fulani. Seli ya msuli, tofauti na seli nyingi za mwili, ina viini vingi, na huongeza vingine inapotumikishwa. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, walionyesha kwamba misuli ya panya ilipokonda kwa kukosa kazi, viini hivyo vilibaki kwa miezi. Kwa binadamu wanasayansi bado wanabishana kuhusu viini, lakini kurejea haraka kwa misuli kumeonekana. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Ufini, waliwafuatilia watu waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 10, wakapumzika wiki 10, kisha wakarudi. Ndani ya wiki 5 hivi walikuwa wamefikia tena kiwango walichokiacha.

Hatari inaanzia hapo. Sehemu kubwa ya nguvu za wiki za mwanzo hutokana na mishipa ya fahamu, ambayo hujifunza upya kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Kano, zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo na huimarika polepole, kwa miezi. Anayekimbilia uzito wa zamani anaweza kuumia bega au goti wakati anajiona yuko imara kabisa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mazoezi ya nguvu yanayogusa misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki. Si lazima uende jimu. Kaa kwenye kiti na kusimama bila kujishika, piga pushapu ukiegemea meza, beba madumu ya maji kwa mikono yote miwili. Acha ukiwa bado unaweza kurudia mara mbili au tatu, na uongeze uzito kidogo kidogo. Usibane pumzi unaponyanyua, kwani shinikizo la damu hupanda ghafla. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mayai, dagaa na maharage huupa mwili protini ya kujenga misuli.

Misuli ikiuma siku moja au mbili baada ya mazoezi, ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo si ya kuvumilia. Na safari au msiba ukikukatisha kwa wiki mbili, anza tena na uzito mdogo kidogo, kisha uendelee.