Siku ya Tatu Tukapewa Jembe

Katika huduma za mkoba za macho, siku inayofuata upasuaji ndiyo siku ya kuagana. Asubuhi wagonjwa huketishwa kwenye benchi, kinga za macho huondolewa moja baada ya nyingine, macho husafishwa na kupimwa, na kila mgonjwa hupewa chupa ya matone pamoja na kadi ya maelekezo. Vigelegele hupigwa, picha hupigwa, na kabla ya adhuhuri gari la madaktari limekwisha kuwashwa. Daktari anayepasua mtoto wa jicho kwa mtindo huu aweza kutumikia miaka mingi bila kuona macho aliyoyapasua yakitimiza juma moja. Yanayotokea siku ya tatu, ya nne na ya tano huyasikia kwa simu, kama atayasikia.

Mwanzoni mwa Mei 2024 timu yetu ya watu 6 ilikuwa katika hospitali moja mkoani Lindi. Tulikuwa tumepanga kurejea Dar es Salaam Jumamosi tarehe 4, baada ya kuwaona wagonjwa wa mwisho waliopasuliwa Ijumaa. Jumamosi hiyo ndiyo Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu. Vimbunga ni adimu Tanzania kwa kuwa nchi i karibu na ikweta. Wazee wa Lindi hukitaja kile cha mwaka 1952, na historia ya Unguja hukitaja kile kilichoangusha mikarafuu mwaka 1872. Hidaya kilidhoofika kilipokaribia nchi kavu, lakini mvua zake ziliizoa barabara kuu ya Dar es Salaam wilayani Kilwa, maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa mikoa ya kusini ikatengana na jiji. Malori na mabasi yalipanga foleni pande zote mbili za maji. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka kupitia Masasi, Tunduru na Songea, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa gari ambalo dereva wetu hakuyaamini matairi yake. Tukabaki. Tulikuja kuondoka Alhamisi, siku 5 baada ya ile iliyopangwa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Muuguzi wa macho wa hospitali ile, mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia huko, hakutupa muda wa kuzoea kukaa bure. Jumapili jioni alitukuta barazani tukifuatilia habari za barabara kwenye simu. Alikuwa na daftari lake la wagonjwa.

"Daktari, hawa 9 wanakaa hapa karibu, kwa miguu tu tunafika. Maadam mpo, kesho twende tukawaone."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja ambaye Jumamosi, tulipomfungua jicho, aliweza kuhesabu vidole tu. Mtoto wake wa jicho ulikuwa umekomaa na kuwa mgumu, na upasuaji wa namna hiyo huacha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imevimba kwa siku chache. Katika daftari letu la kambi angebaki milele kama mgonjwa aliyepata matokeo hafifu. Jumatatu tulimkuta uani akichambua mchele, akiokota chuya moja moja. Tulipomwamkia alinitazama sana, kisha akauliza kama mimi ndiye yule aliyekuwa akizungumza naye chini ya shuka, kwani kwa sauti alinidhania mtu mzima zaidi.

Habari ya matone ilikuwa tofauti. Kadi ilisema mara 4 kwa siku kwa wiki 4, na kila nyumba ilikuwa na tafsiri yake. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kuimaliza chupa kwa siku tatu, akiamini kwamba dawa ikiwahi kuisha na jicho huwahi kupona. Mama mwingine hakuwa ameifungua kabisa: vidole vyake vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, hana nguvu za kuibinya chupa, na kijana wake alikuwa shamba. Katika nyumba ya tatu matone yaligawiwa kwa jirani mwenye macho mekundu, mdomo wa chupa ukigusa kope za huyu na za yule. Hakuna kati yao aliyekuwa mkaidi. Kila mmoja alikuwa ametumia akili yake mahali kadi ilipokuwa kimya.

Muuguzi ndiye aliyelitatua suala la saa. Alimwambia mke wa mzee yule: "Adhana ya alfajiri, tone. Adhuhuri, tone. Alasiri, tone. Isha, tone, kisha alale." Kwa kuwa adhana husikika kila nyumba mjini pale, hakuna aliyeuliza tena. Yule mwenye vidole vilivyopinda alitafutiwa mjukuu wa darasa la tano, akafundishwa kunawa mikono, kuvuta kope ya chini na kudondosha tone bila kuligusa jicho. Alikosea mara mbili, tone likaangukia shavuni, na ya tatu akapatia.

Liko jambo jingine ambalo nisingelijua kama si kwenda majumbani. Maelekezo yanayotumika kila mahali husema maji yasiingie jichoni katika siku za mwanzo. Mzee mmoja alikuwa ameacha kuswali tangu Ijumaa kwa sababu hakujua atatawadha vipi, na aliona haya kuliuliza jambo la dini hospitalini. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Muuguzi alimwita imamu wa msikiti wa jirani, naye akaeleza kwa upole kwamba mgonjwa anayedhuriwa na maji ana ruhusa yake, kutayamamu kupo, na anayeshindwa kusujudu huashiria kwa kichwa. Sehemu yangu ilikuwa ya kitabibu tu: kwamba maji ya kisima au ya bomba katika jicho lenye jeraha bichi yaweza kuleta maambukizi, na kwamba kuinamisha kichwa mno kwa wiki ya kwanza si vyema. Dakika kumi zilitosha.

Tulipotoka huko, hospitalini alikuwa akitusubiri mvuvi wa umri wa miaka 60 na kitu, aliyepasuliwa Alhamisi. Ijumaa jicho lake lilikuwa miongoni mwa mazuri kuliko yote. Jumapili usiku maumivu yalianza, na alfajiri hakuona tena mikono yake mwenyewe. Kope zilikuwa zimevimba, jicho limewiva, na ukimulika kwa tochi uliona ukingo mweupe wa usaha umeketi chini, nyuma ya konea. Haya ni maambukizi ya ndani ya jicho, dhara linaloogopwa kuliko yote katika upasuaji huu. Hutokea kwa nadra, chini ya mgonjwa mmoja katika kila 100, hata pale taratibu zote za usafi zinapofuatwa, na mara nyingi hujitokeza ndani ya juma la kwanza, yaani wakati madaktari wa mkoba wamekwisha kuondoka. Tiba yake huhesabiwa kwa saa. Sanduku letu la dharura lilikuwa na vankomaisini na seftazidimu. Tulichukua sampuli kutoka ndani ya jicho, tukachoma dozi ndogo sana za dawa hizo ndani ya jicho lenyewe, na kumlaza. Jumatano maumivu yalikuwa yamepungua, naye aliweza kuutambua mkono uliopungwa mbele yake. Wiki sita baadaye muuguzi alinipigia: anahesabu vidole kwa umbali wa mita 3 na anatembea bila kushikwa mkono. Hakupata uoni walioupata wenzake, ila jicho lipo na lina kazi.

Ndugu msomaji uliyepasuliwa au unayemuuguza aliyepasuliwa, jicho la namna hii hupaswa kuwa bora leo kuliko jana. Likianza kuuma zaidi, likizidi wekundu, kope zikivimba, au uoni uliokwisha kuanza kurudi ukififia, usiingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda siku hiyo hiyo, hata iwe usiku. Nawe mhudumu wa zahanati unayempokea mgonjwa huyo, dawa ya maumivu na matone mapya havitoshi. Piga simu, mpe rufaa siku hiyo hiyo.

Siwezi kuziita siku zile neema bila kuweka mipaka. Wapo waliopoteza nyumba na mashamba kwa mvua zile, na Rufiji ilikuwa imekwisha kufurika tangu mwezi uliotangulia. Katika foleni ya Somanga walikuwamo wagonjwa wenye rufaa za Dar es Salaam mkononi, wamekaa ndani ya mabasi. Na huko jijini kliniki yangu ilifungwa. Mgonjwa wa glakoma aliyekuwa apasuliwe Jumatatu alisogezwa mbele kwa wiki mbili, na glakoma haimrudishii mtu uoni iliokwisha kumnyang'anya. Simu niliyompigia kumweleza haikuwa fupi. Kwa hiyo ninaposimulia mazuri ya kuzuiliwa kwetu, ninasimulia upande mmoja wa maji.

Jumanne tulirudi kwa yule bibi wa mchele. Safari hii hakuwa na mzaha. Alimkalisha mapajani mjukuu wake wa miaka miwili na kusema: "Mwanangu, jana magharibi jicho la huyu mtoto limeng'aa kama la paka. Au ni hili jicho langu jipya linaniongopea?"

Mama wa mtoto alikuwa ameliona jambo hilo tangu kabla ya Ramadhani, na majirani walimwambia litaondoka mtoto akikua. Bibi, ambaye kwa miaka miwili alimlea mjukuu kwa kumpapasa, aliliona siku ya tatu baada ya kufunguliwa jicho. Hospitalini tulipanua mboni kwa dawa na kuangalia: nyuma ya lenzi ulikuwapo uvimbe mweupe wenye umanjano. Weupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo waweza kuwa mtoto wa jicho, na waweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto walio wengi hupona. Ikivuka kwa njia ya mshipa wa fahamu wa jicho kuelekea ubongoni, huua. Basi mtoto yeyote ambaye mboni yake huonekana nyeupe, kwa macho au kwenye picha ya simu, au aliyeanza makengeza, aonwe na daktari wa macho wiki hiyo hiyo.

Baba alikuwa baharini. Ridhaa yake ilipatikana kwa simu Jumatano usiku. Alhamisi mama na mtoto walipanda nasi, masanduku ya vifaa yakafungwa juu ya gari ili wapate nafasi. Somanga tulivushwa taratibu juu ya mawe mapya, mafundi wakiwa bado kazini. Jicho la mtoto lilitolewa Dar es Salaam juma lililofuata, na majibu ya maabara yalionesha kuwa saratani haikuwa imevuka. Jicho la pili ni zima na huchunguzwa kila baada ya miezi michache. Dada yake naye amechunguzwa, kwa kuwa ugonjwa huu waweza kurithiwa.

Tangu mwaka ule kambi zetu haziondoki zote kwa pamoja. Mtaalamu mmoja wa macho hubaki hadi siku ya 7, na sanduku la dawa za dharura hubaki naye. Hoja ya posho za siku hizo ilizua mjadala katika vikao viwili, na kwa maoni yangu ulikuwa mjadala wa haki, kwani fedha hizo hukatwa kutoka kwenye idadi ya macho yanayoweza kupasuliwa. Niliunga mkono kupunguza idadi. Kadi ya matone nayo imeandikwa upya, ina nafasi ya kutaja adhana, kengele au taarifa ya habari ya redio, kwa namna mgonjwa anavyoihesabu siku yake.

Yule mvuvi ana mtoto wa jicho katika jicho la pili pia. Amekubali lipasuliwe, kwa sharti moja aliloliandikisha kwa muuguzi: awe wa siku ya kwanza ya kambi, ili siku ya tano itukute bado tupo.