Askari Akirudi Nyumbani: Kazi ya Ngoma na Mchezo wa Kuigiza Kati Yetu

Wale ambao hawakutusikia kwa redio wataisoma karatasi hii, na anayejua kusoma amsomee jirani yake.

Leo nazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulicheka: ngoma, nyimbo na mchezo wa kuigiza kwa ajili ya watu waliokuwa askari, pamoja na bibi zao na watoto wao. Nikisema askari wa zamani nina maana ya wote, aliyekuwa katika jeshi la serkali na aliyekuwa porini na kundi lake. Mama mmoja aliniambia mbele ya watu: "Wewe mwana wa sheria, sisi tunalala chini ya hema la plastiki, hatuna unga, nawe unatuletea habari ya kucheza na wale waliotufukuza?" Swali lake ni la haki. Nitajaribu kulijibu, lakini sidhani nitalimaliza.

Kwanza, mtu asiseme kwamba jambo hili limeletwa juzi na wageni wenye magari meupe. Babu zetu walilijua. Katika vita vya 1914 hadi 1918, askari wa Force Publique walivuka ziwa wakapigana katika nchi ya Wajerumani, wakaingia Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa 1916. Nyuma yao walikuwepo wapagazi maelfu kwa maelfu, na wengi wao walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Wakati huo ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya, ilienea kwa miguu ya askari na wapagazi, na vita vilipoisha walirudi nayo vijijini na mijini. Huku kwetu ilifika mpaka Katanga, katika Elisabethville ya zamani, yaani Lubumbashi.

Wachezaji wa beni walipanga mistari kama askari, wakavaa nguo za kijeshi, wakapeana vyeo: huyu Kingi, huyu Jenerali, yule Kapteni. Akina mama nao walikuwa na vyeo vyao. Wakoloni wengine walicheka, wengine waliogopa. Lakini tazameni kilichokuwa chini ya ile nguo. Mwanachama akiugua, wenzake walimsaidia. Akifa mbali na kwao, walimzika. Mtu aliyefundishwa kazi ya kuua alipata mahali pa kupiga hatua zilezile bila bunduki, tena na watu wa kumlilia. Mimi naona hiyo ilikuwa kazi kubwa, hata kama hakuna aliyeiita mpango.

Sasa turudi katika nyumba zetu. Mwanamume amekaa porini miaka sita. Bibi yake ameendesha nyumba peke yake, amelima, amezika mtoto mmoja. Siku moja huyo baba anarudi na anatoa amri. Amezoea kuamuriwa na kuamuru, hajui kuomba. Usiku halali, mlango ukilia anaruka. Mtoto hamwiti baba, anamwita "yule". Majirani wanamwita bibi "mke wa mwasi", na kisimani anaachiwa nafasi ya mwisho. Hapo serkali imeshamaliza kazi yake: silaha imeandikwa, karatasi imetiwa muhuri, pengine ametolewa jembe na franka kidogo.

Mtindo huo tuliuona tangu wakati wa CONADER, iliyoundwa mwishoni mwa 2003. Wengi walisaidiwa mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wake. Kuna waliouza vile vifaa, na kuna waliorudi porini. Ordonansi nambari 21/038 ya tarehe 4 mwezi wa saba 2021 iliunda mpango mwingine, P-DDRCS, na katika jina lake lenyewe ikaweka neno la kuinua jamii yote badala ya kumwangalia aliyeshika bunduki peke yake. Neno hilo ni jema. Lakini hakuna ordonansi inayoweza kumfanya mtoto amwite mtu baba.

Hapo ndipo mchezo unapoingia. Siongei juu ya mchezo wa kuchekesha watu wakati wakingoja mgao wa mafuta. Naongea juu ya ule ambao watazamaji nao huingia ndani. Mbrazili mmoja, Augusto Boal, ndiye aliyeupa sura tunayoijua. Serkali ya kijeshi ya kwao ilimkamata mwaka 1971, akakimbia nchi yake, akawa mkimbizi kama wengi wenu. Kitabu chake juu ya tiatri ya wanaoonewa kilitoka mwaka 1974. Huku Kongo, shirika Search for Common Ground, lile la Centre Lokole, lililoanza kazi mwaka 2001, limeutumia sana, kwa mfano Kivu ya Kusini wakati wakimbizi walipokuwa wakirudi kutoka Tanzania.

Unafanyika hivi. Kikundi kinasikiliza kwanza maneno ya watu wa mahali pale kwa siku kadhaa, bila kuandika majina. Kisha kinatunga hadithi fupi katika kijiji kisichokuwepo. Tuseme: askari wa zamani amekaa katika shamba la jamaa iliyokimbia vita. Jamaa inarudi. Yeye anasema: "Nilipewa na komanda wangu." Mwenye shamba anasema: "Komanda wako si shefu wangu." Wanakaribia kupigana, na hapo hapo mchezo unasimamishwa. Mwongozaji anawageukia watazamaji: "Nani angefanya tofauti? Asituambie, aje atuonyeshe." Mama anatoka katika kundi la watu, anachukua nafasi ya bibi wa yule askari, na mchezo unaanza tena. Akishindwa, mwingine anakuja. Katika saa mbili unaweza kuona njia tano zimejaribiwa, nne zimeanguka, bila damu kumwagika.

Ajabu yake ni hii: askari wa zamani akiombwa kucheza nafasi ya mwenye shamba, mara nyingi ananyamaza kwa muda mrefu. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja. Hotuba zangu za sheria hazijawahi kumnyamazisha mtu namna hiyo.

Lakini kuna makosa yanayoumiza, nami nilikuwepo lilipofanyika moja. Watu wa mradi fulani walitaka ukweli mtupu. Walimweka kijana aliyetoka porini juu ya jukwaa aeleze mwenyewe, kwa jina lake, mambo aliyoyafanya. Katikati ya watu alikuwepo mwanamke aliyetoka kijiji kile kile alichokitaja. Alianguka chini. Kijana alikimbia usiku huo na sijui alikokwenda. Watu wa mradi walipata picha zao. Ninyi mashefu, mtu akija kwenu na mpango wa namna hiyo, kataeni. Hadithi iwe ya kutungwa, na mwenye kidonda asilazimishwe kukaa mbele.

Tena jukwaa si tribinali. Sheria nambari 14/006 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilitoa msamaha kwa makosa ya uasi, ya kivita na ya kisiasa, lakini iliacha nje jinai dhidi ya binadamu, jinai za kivita, ubakaji na kuingiza watoto katika jeshi. Kwa hiyo kucheza pamoja hakufuti mashtaka, na aliyedhulumiwa hapotezi haki yake ya kushtaki kwa sababu alipiga makofi. Kuhusu watoto waliotumiwa na makundi, wao walitendewa jinai: sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inakataza jambo hilo, na aliyewaingiza anaweza kufungwa miaka 10 hadi 20. Msiwaonyeshe mbele ya watu kama wahalifu waliotubu.

Neno la kazi kwa viongozi. Mkusanyiko wa hadharani unatakiwa kujulishwa serkali kwa maandishi, ndivyo Katiba ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 26; na pale ambapo utawala uko mikononi mwa wanajeshi, ulizeni mapema zaidi. Nguo za kijeshi za kweli zisitumiwe kwenye mchezo. Bunduki ya mti inatosha, na hata hiyo mimi naiogopa mbele ya watoto.

Halafu suala la makuta, ambalo ndilo linaloharibu vikundi vingi. Ukiwalipa askari wa zamani siku za mazoezi na kuwaacha bure waliohamishwa na vita, umewafundisha watu kwamba bunduki ndiyo inayolipa. Kijana wa kambini atafanya hesabu yake. Heri msimlipe mtu yeyote, mpike chungu kimoja cha maharage, wote wale. Kikundi kimoja ninachokijua kilianzisha likelemba: bibi wa askari wa zamani na akina mama wa kambini wanachanga pamoja kila juma, na mazoezi ya nyimbo yanafanyika siku ya kuchanga. Nafikiri likelemba ndiyo iliyowashika kuliko nyimbo. Sioni ubaya.

Yule mama wa swali la mwanzo hakuja juma la kwanza wala la pili. La tatu alikuja, akasimama nyuma, mikono kifuani. Mchezo wa shamba uliposimamishwa, alitoka, akamwondoa mwigizaji wa shefu kwenye kiti chake, akaketi yeye. Akamwambia aliyecheza askari: "Shamba utaliacha. Lakini kwanza utuambie, mavuno ya miaka mitatu uliyokula, utayalipa kwa nini?" Mwigizaji hakuwa na jibu. Mwongozaji aliuliza watu, nao hawakuwa nalo. Wakakubaliana kuanzia hapo Jumamosi iliyofuata.